Warudiaji wa Kidato Kisichokuwepo

Siku ya wazazi, mkurugenzi Collins Mulama alipanda jukwaani akiwa amevaa suti ya kijivu na raba nyeupe, ili kila mtu aone kwamba yeye ni msomi kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na mwanamichezo kutoka hapo kwenda chini. Alikohoa. Akangoja kipaza sauti kimalize kulia. Kisha, kwa sauti ya kasisi anayebariki ndoa, akatangaza kwamba wasichana watano wa timu ya mpira wa mikono wamepewa heshima ya kurudia kidato cha tatu.

Wazazi wakapiga makofi.

Velma Amuron alikuwa mmoja wa hao watano. Alisimama mstari wa mbele, medali ya shaba shingoni, mkono wake wa kushoto ukiwa nyuma ya mgongo kwa sababu ulikuwa umekunjwa ngumi. Huo ndio mkono ambao bibi yake alikuwa akiuchapa kwa mwiko kila alipoutumia kulia chakula, na ambao siku hizi mkurugenzi aliuita hazina ya kaunti nzima ya Busia. Hazina hiyo haikuulizwa kama inataka kurudia darasa. Mwenye hazina naye hakuulizwa.

Sababu ya heshima hiyo ilikuwa rahisi. Akademia ile, iliyojengwa kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, iliahidi mambo mawili kwenye bango lake: masomo na michezo. Michezo ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu. Agosti ile timu ilikuwa imerudi na medali kutoka mashindano ya shule za Afrika Mashariki, na mkurugenzi alikwisha onja utamu wa kupigwa picha. Lakini mchezaji akimaliza kidato cha nne huondoka, na akiondoka huondoka na mikono yake. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa ya miaka mingi: unamrudisha mchezaji darasa moja nyuma, kama mtu anayerudisha mishale ya saa ili asichelewe kazini. Kila mwaka akademia ilikuwa na warudiaji wake. Kipa mmoja wa wavulana alirudia hadi mwalimu mgeni alipomkuta kwenye korido akamwamkia shikamoo.

Watu walikicheka sana kisa cha kipa huyo. Hakuna aliyecheka kisa cha Roselyn. Roselyn alikuwa nahodha wa wasichana, na alikuwa amerudishwa nyuma mara mbili. Mara ya pili goti lake lilikatika katikati ya mchezo, kwa mlio ambao Amuron aliusikia akiwa upande wa pili wa uwanja. Akademia ilimpeleka nyumbani Nambale na begi jipya lenye nembo. Alikuwa na medali tisa na hakuwa amefanya mtihani hata mmoja wa taifa tangu darasa la nane.

Kwa hiyo makofi yalipopigwa, Amuron alishikwa na hasira. Alifungua mdomo aseme. Ndipo akakumbuka jambo dogo ambalo mkurugenzi, naibu wake, wazazi na mgeni rasmi mwenye kofia hawakulikumbuka.

Darasa lao lilikuwa mkia. Walimu waliwaita hivyo hivyo, Mkia, kwa sababu ndio waliokuwa wa mwisho kabisa wa mfumo wa zamani wa elimu. Walipoingia kidato cha kwanza walichota maji ya wakubwa, wakafua soksi za wakubwa, wakaimba wakiwa juu ya kitanda saa ya kulala, wakivumilia kwa imani kwamba mwakani watakuja wadogo wao nao wataimba. Mwaka ukaja, wadogo hawakuja. Serikali ilikuwa imebadilisha mfumo, na wadogo waliokuja baadaye waliitwa Gredi ya Kumi, wakafundishwa mambo mengine kwa vitabu vingine, na hawakukubali kufua soksi ya mtu. Ilikuwa dhuluma ambayo Mkia haukuisamehe.

Maana yake ilikuwa hii: mwakani Mkia ungepanda kidato cha nne, na nyuma yake kusingekuwa na kidato cha tatu. Si darasa dogo, si darasa dhaifu. Kusingekuwa na darasa.

Amuron alifunga mdomo. Kichwa kile kile kilichowahi kubuni mpango wa kumweka chura ndani ya kofia ya mlezi wa bweni kilimwambia: nyamaza, mwache amalize, mwache aseme mbele ya watu. Mkurugenzi akamaliza. Amuron akapiga makofi pia, polepole, kwa adabu kubwa.

*

Nyumbani Malaba mama yake alikuwa na meza ya chapati karibu na foleni ya malori. Foleni ile ilikuwa ndefu hivi kwamba dereva aliweza kuagiza chapati na mayai, akala, akalala, akaamka akaagiza tena, na lori lisisogee hatua kumi. Amuron alikaa likizo nzima akikata vitunguu na nyanya, na kila siku alijaribu upya.

"Toto, mimi sitaki kurudia," alisema. Hivyo ndivyo Wateso wanavyomwita mama, na alilitumia neno hilo alipotaka kubembeleza.

"Nani alikuuliza kama unataka?" Mama alikandamiza donge la unga. "Mimi nilirudia darasa la saba mara mbili na la nane mara mbili. Nilikufa?"

"Ulipata nini?"

Mama aliacha kukanda. "Nilipata adabu ya kutomuuliza mama yangu swali kama hilo."

"Nnyabo, rolex yangu iko wapi?" dereva wa Uganda aliita kutoka dirishani.

"Chapati yako na mayai inakuja, boss. Na wewe subiri, kwani lori lako liko na haraka?" Mama akamgeukia binti yake, sauti chini. "Sikiza. Pale unakula, unalala, unavaa, unasoma, na mimi sitoi kitu. Mkurugenzi alikuja hapa mwenyewe, akakaa kwa hii benchi, akakula chapati yangu. Akasema kawia ufike. Uongo?"

"Roselyn alikawia. Alifika wapi?"

"Wacha kuniletea mambo ya Roselyn. Goti ni la Mungu."

"Mtihani si wa Mungu, toto. Ni wa kidato cha nne. Nataka kufanya mtihani na wenzangu niende nisomee dawa, halafu hiyo mipira nitacheza hata nikiwa chuo. Kwani chuo hakuna uwanja?"

"Kwanza upunguze hiyo sauti. Unanifukuzia wateja."

"Na hiyo darasa anataka turudie—"

"Basi."

Amuron alikata kitunguu kwa nguvu hadi kisu kikazama kwenye mbao. Angeweza kusema. Angeweza kumweleza mama yake pale pale kwamba hakuna kidato cha tatu cha kurudia. Lakini mama angempigia simu mkurugenzi, mkurugenzi angejikuna kichwa, na kufikia jioni angekuwa amepata njia nyingine iliyo mbaya zaidi. Alimjua. Alilia, akasingizia kitunguu, na hasira akaihifadhi kwa ajili ya Januari.

*

Siku ya kufungua shule, wasichana watano waliripoti wakiwa wamepiga pasi sare zao kama wanaokwenda kupokea kipaimara. Walikuwa Amuron; Everline Makokha wa Budalang'i, aliyekuwa kipa; Vivianne, ambaye alikuwa na mdomo kuliko redio; na mabinamu wawili wa Sio Port ambao walifanya kila kitu pamoja, hata kupiga chafya. Amuron alikuwa amewapanga usiku kwa usiku kupitia simu ya mama yake.

Chumba cha zamani cha kidato cha tatu kilikuwa kimegeuzwa stoo. Walitoa nyavu, wakatoa magodoro, wakasukuma magunia ya maharagwe ukutani, wakafagia. Wakaketi kwenye madawati matano. Amuron akaandika ubaoni: Kidato cha Tatu. Waliopo, watano. Wasiokuwepo, hakuna. Mwalimu wa darasa, anatafutwa. Vivianne akachaguliwa kiranja kwa kura nne dhidi ya moja, hiyo moja ikiwa yake, kwa sababu alijua kiranja haruhusiwi kupiga kelele.

Naibu mkuu, Madam Sharlyne, alipita dirishani, akarudi kinyumenyume.

Walisimama wote kwa pamoja. "Shikamoo, Madam."

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunarudia, Madam," Amuron akasema.

"Mnarudia nini?"

"Kidato cha tatu. Ilitangazwa."

Madam Sharlyne aliwaangalia. Akaangalia ubao. Akaangalia magunia ya maharagwe, kana kwamba yangemsaidia. Amuron aliona kwenye uso wake kwamba hesabu ilikuwa inafanyika taratibu, mwaka baada ya mwaka, na kwamba jibu lilikuwa limemfikia na halikumpendeza. Aliondoka, viatu vyake vikienda kasi kuelekea ofisini.

Mkurugenzi alikuja baada ya chakula cha mchana. Raba zake zilikuwa nyeupe kuliko kawaida.

"Haya, tumecheka," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amecheka. "Kumetokea kamkanganyiko kadogo. Nyinyi mtaenda Gredi ya Kumi na Moja. Ni vizuri hata zaidi. Mtakaa na sisi mwaka huu na mwaka ujao."

Hapo ndipo Amuron alipokasirika kabisa. Alikuwa ametarajia mtu huyo aone aibu. Hata aibu kidogo, ya kujikuna shingo. Badala yake aliona macho yaking'aa. Mtu alikuwa amegundua kwamba badala ya kuwaibia mwaka mmoja anaweza kuwaibia miwili, akafurahi.

"Mwalimu," alisema, akiidhibiti sauti yake ibaki laini, "wewe ulitangaza mbele ya mgeni rasmi kwamba tutarudia kidato cha tatu. Wazazi walipiga makofi. Hatuwezi kukuvunjia heshima."

"Velma."

"Tutakaa hapa hadi tufundishwe."

"Kidato cha tatu hakipo, we msichana."

"Hilo si kosa la wanafunzi, mwalimu. Sisi tumeripoti."

Vivianne alifungua mdomo, akakumbuka cheo chake, akaufunga.

Mkurugenzi aliinamia dawati la Amuron. Alinuka peremende. "Sikiliza. Mimi nimekulisha miaka mitatu. Huo mkono ni mimi nimeutengeneza. Saa kumi nataka kuwaona uwanjani."

"Mazoezi ni baada ya vipindi, mwalimu. Iko kwa sheria za akademia, pale kwenye mlango wa jikoni. Na kipindi chetu hakiwezi kwisha kwa sababu hakijaanza."

Saa kumi ilifika, uwanja ukabaki mtupu. Na siku iliyofuata. Na iliyofuata. Kengele ilipolia walisimama, wakamsalimia mwalimu asiyekuwepo, wakaketi. Walisoma wenyewe kemia kwa vitabu vya kidato cha nne walivyoazima kwa wenzao, kwa sababu Amuron hakuwa na nia ya kufeli kwa ajili ya mzaha. Wanafunzi wa Gredi walikuja kuchungulia dirishani kama watu waliokuja kuona twiga. Usiku bwenini Everline alilia, akasema anaogopa, akasema kwao mafuriko yamechukua nyumba na mahindi, na kwamba akifukuzwa hana pa kwenda, mama yake yuko kwenye hema.

"Hatafukuza mtu," Amuron alisema. "Jumamosi timu ya Tororo ya Uganda inakuja kucheza, na wafadhili wa akademia watakuwa hapa. Ataweka nani golini, Madam Sharlyne?"

"Na usajili wa mtihani ukifungwa kabla hajakubali?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likimwamsha Amuron usiku. Usajili ulikuwa unafungwa wiki hiyo hiyo. Jina lisipoingia, mtihani wa mwisho wa mfumo wao ungefanywa na wenzao, na baada ya huo hakuna mwingine, na yeye angebaki kwenye stoo ya maharagwe akiwa mshindi wa ubishi.

*

Jumamosi asubuhi mkurugenzi aliwaita wazazi. Aliwaambia kwa simu kwamba mabinti zao wamepagawa na ukaidi na waje wawatoe wenyewe. Wakaja: baba yake Vivianne, shangazi wa mabinamu, na mama yake Amuron, aliyeshuka kwenye bodaboda akiwa bado na unga kwenye viwiko. Kutoka Budalang'i hakuja mtu.

Mama aliingia chumbani kwa hatua za mtu aliyekuja kuchapa. Amuron alisimama pamoja na wenzake, wakaamkia. Mama hakuitikia. Alikuwa ameona chumba.

Alitembea kati ya madawati. Aliangalia yale matano, kisha ile sakafu tupu iliyobaki, pana, hadi ukuta wa nyuma. Akagusa gunia.

"Wenzao wako wapi?" alimuuliza mkurugenzi.

"Wenzao gani, mama?"

"Wa hii darasa. Mimi nilirudia mara nne. Kila wakati niliporudi nyuma nilikuta watoto. Wadogo, walinicheka, lakini nilikuta watu. Nilikuta mwalimu, nikakuta kitabu. Sasa hawa umewarudisha kwa nani?"

"Mama, nitakueleza. Ni mfumo umebadilika, hatukuwa—"

"Wewe ulikaa kwa benchi yangu." Mama hakupaza sauti, na kwa hiyo Amuron alijua kwamba mambo yameharibika kabisa. "Ulikula chapati yangu ukaniambia kawia ufike. Nikamfokea mtoto wangu likizo yote juu ya maneno yako. Kumbe hata hujui darasa iko ama haiko. Wewe ni mwalimu wa nini?"

Nje, basi la Tororo liliingia getini likipiga honi. Wafadhili walikuwa tayari chini ya hema, wakinywa maji ya chupa.

"Mama, hii mambo tutaongea baada ya mechi," mkurugenzi alisema. "Wageni wamefika. Waambie wasichana wavae."

Mama alivuta dawati la sita kutoka kwenye rundo la kona. Akalipangusa kwa kitenge chake. Akaketi, magoti yake yakigonga mbao.

"Mimi pia narudia," alisema. "Endelea, mwalimu. Fundisha."

Baba yake Vivianne alicheka kwa mguno, kisha akatafuta dawati. Shangazi wa mabinamu hakutafuta. Alikaa juu ya maharagwe. Mkurugenzi alisimama mbele ya ubao akiwa na wanafunzi wanane na bila somo hata moja. Filimbi ililia uwanjani, ya kuita timu zipashe misuli moto. Ikalia tena.

Alitoka. Akarudi na Madam Sharlyne aliyebeba kompyuta kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Waliiweka juu ya dawati la Amuron, na Madam akaanza kuandika majina kwenye usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Amuron alisimama nyuma yake, akasoma kila herufi ya jina lake, akasoma kila somo. Kemia. Bayolojia. Akaona Vivianne akiingia, kisha binamu wa kwanza, kisha wa pili. Madam akaanza kufunga kompyuta.

"Bado Everline," Amuron alisema.

Mkurugenzi alikuwa tayari mlangoni. "Huyo ataenda Gredi. Mzazi wake hata hakuja. Nimewapa wanne, mnataka nini tena? Kipa siwezi kupata kila mwaka. Haya, uwanjani."

Everline aliinamisha kichwa juu ya kitabu cha kemia. Alikuwa amezoea maji yakichukua vitu vyake bila kuuliza.

Amuron alitamani kurusha kompyuta ile kwa mkono wa kushoto, na alijua ingempata mkurugenzi mahali gani hasa. Wala hakukuwa tena na mzaha ndani yake, hata chembe. Jina lake lilikuwa limeingia. Angeweza kwenda kuvaa raba. Alichokitaka tangu siku ya makofi kilikuwa pale kwenye kioo cha kompyuta, na mtu huyu alikuwa amemtupia kama mfupa, akitegemea kwamba atautafuna na kunyamaza.

Alirudi kwenye dawati lake akaketi. Vivianne akamtazama, akaketi. Mabinamu wakaketi kwa pamoja.

"Velma, wewe umeshasajiliwa," mkurugenzi alisema. Jasho lilikuwa limetokea juu ya mdomo wake.

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi toka."

Hakutoka. Mama yake alinyoosha mkono, akamfunika Everline bega kwa kiganja chenye unga, akauacha hapo. "Huyu mzazi wake leo ni mimi," alisema. "Andika."

Filimbi ililia mara ya tatu, ndefu, na sauti za Kiganda zikasikika zikiuliza kama kuna timu au hakuna. Mkurugenzi alirudi taratibu hadi kwenye kompyuta, akaifungua mwenyewe. Kwa miaka mitatu alikuwa akimwita msichana yule Ukuta. Ukuta simama, Ukuta ruka, vizuri Ukuta. Vidole vyake vilining'inia juu ya herufi.

"Jina lako la pili ni nani?" aliuliza.

Everline aliinua kichwa akamtazama. Hakuharakisha kumjibu.